Mashuka ya Jumamosi: Maisha ya Senga Harriet Kisakye

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mwaka 2014, jirani Nyibol alifika kwa Josline na ndoo tupu, akaiweka chini kama mtu ambaye hakuja kuchota maji. Akatazama kulia na kushoto.

"Josline, usiseme ni mimi nimekuambia. Yule shangazi ya bwana yako anakusanya mashuka ya mikojo ya watoto. Anapita nyumba kwa nyumba jua halijatoka. Watu wanasema anakamua yale maji kwa chupa, anapeleka kwa kujur."

Kujur ni mganga wa huku, na si mtu wa kutajwa ovyo. Josline aliacha kuosha sufuria.

"Kujur afanye nini na mikojo ya watoto?"

"Sasa mimi ndio kujur? Nimekuambia tu vile watu wanasema. Hata ya Marial wangu amechukua."

"Nani alimpa?"

"Mimi nilimpa," Nyibol akasema. "Alisema anataka kufua. Ningekataa?"

Nyibol, aliyejifunzia Kiswahili kambini Kakuma, ameruhusu jambo hili lisomwe leo. Yuko hapa, safu ya pili, na mwanawe Marial yuko pembeni yake. Amesema lisomwe lilivyo, kwa sababu marehemu alipolisikia alicheka mpaka akakaa chini, akaomba maji. Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili ili watu waliotoka Kayunga, watu wa hapa Nesitu na wale waliokuja kutoka Hai Amarat kule Juba wausikie kwa pamoja. Mtu mwenyewe anayezungumziwa ni Harriet Kisakye, shangazi wa Douglas, mume wa Josline, yule fundi wa pancha hapa barabarani. Kwao Uganda shangazi wa upande wa baba huitwa senga, na jina hilo likamshika hata kwa wasio ndugu. Madereva wa malori walimwita Senga. Mchungaji alimwita Senga.

Marehemu alizaliwa kijijini, karibu na mji wa Kayunga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Nasani na marehemu Mama Eseza. Tarehe yake ya kuzaliwa ina utata. Pasipoti inasema 4 Machi 1963. Kadi ya ubatizo inasema 1961. Mdogo wake, mzee Erifazi, ambaye ni baba yake Douglas na amesafiri siku mbili kuja kumzika, anakataa pasipoti kabisa. "Mimi ni wa 1964," alisema, "na huyo ndiye alinibeba mgongoni akienda kisimani. Mtoto wa mwaka mmoja anabeba nani?" Kwa hiyo kwenye jalada la programu ya leo miaka yote miwili imeandikwa. Marehemu mwenyewe aliitumia yote, kutegemea nani anauliza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968, shule ya kanisa iliyokuwa karibu na kwao, akaachia darasa la tano mwaka 1973. Miaka yote familia ilisema ilikuwa karo. Juzi Jumatano, Josline alipokaa na daftari kuandika haya, alimsomea mzee Erifazi hapo penye karo. Mzee akasema si kweli.

Mama Eseza alifariki marehemu akiwa na miaka minane. Tangu hapo msichana yule akawa analowesha mkeka, na akaendelea hadi miaka kumi na miwili. Mama yao wa kambo akachoka. Asubuhi moja akamtwisha ule mkeka mbichi kichwani, akamwamuru aupitishe njia nzima ya shule, na watoto wakamfuata nyuma wakimwimbia. Alifika getini, akasimama, akageuka na mkeka wake. Hakurudi tena darasani.

"Na mimi niliimba," mzee Erifazi akasema. "Nilikuwa wa mbele."

Josline alishika kalamu asijue afanye nini nayo. Akauliza, "Baba, hii niandike kwenye utoto au kwenye masomo?"

"Andika pale alipoachia kusoma," mzee akajibu. "Na jina langu uliandike."

Mwaka 1981 alikwenda Jinja kwa mama mmoja wa ukoo wao aliyekuwa akifua nguo za hoteli, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mpaka mwisho. Alijua kutoa doa la mafuta, la damu, la embe na la divai, na kila doa lilikuwa na dawa yake. Alisema nguo haisemi uongo, bali mwenye nguo ndiye husema. Huko Jinja ndiko alikokutana na dereva wa lori, Yafesi Ssali. Yafesi alileta ovaroli iliyojaa grisi. Aliporudishiwa, alikuta barua iliyokuwa kwenye mfuko wa kifua imetolewa kabla ya kufuliwa, imekunjuliwa, imepigwa pasi na kurudishwa mahali pake. Ilikuwa barua ya msichana mwingine. Yafesi alisimulia mpaka kufa kwake kwamba hapo ndipo alipoona huyu ni mke. Walifunga ndoa kanisani Jinja tarehe 12 Desemba 1987. Mungu aliwapa Jonah mwaka 1989, na binti mmoja aliyeishi wiki tatu tu. Yafesi alifariki mwaka 2004 baada ya kuugua.

Mwaka 2008, wakati watu wengi wa Uganda walipokuwa wakifuata kazi Juba, marehemu naye alikuja, akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli moja Hai Amarat. Waliofanya naye kazi wanakumbuka siku ya uhuru, tarehe 9 Julai 2011. Hoteli ilijaa, watu walilala hadi kwenye viti. Kesho yake mgeni mmoja alirudisha mashuka yake yakiwa yamefungiwa bendera mpya ndani, na bendera ile ikaingia majini bila mtu kuiona. Mashuka thelathini meupe yakatoka na mawingu ya kijani na nyekundu. Meneja, Mkenya mmoja mpole, alisimama mlangoni.

"Mama Jonah, hii ni nini?"

"Bosi, hii ni uhuru," marehemu akamjibu kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Uhuru mpya inatoa rangi."

Meneja alicheka. Mashuka yale hayakurudi vyumbani tena, yakabaki katika chumba cha kufulia kama matambara ya kufunikia nguo safi. Yatatajwa tena.

Mwaka 2012 Douglas alihamia hapa Nesitu kuziba pancha za malori ya barabara ya Nimule, na mkewe Josline na binti yao Penina wakaja naye. Kila alipopata mapumziko, Senga alipanda lori kuja kuwaona, na Penina alimpenda kuliko peremende. Tarehe 14 Desemba 2013, Jumamosi, aliomba aende na mtoto Juba, akaone mapambo ya Krismasi pale hotelini. Penina alikuwa na miaka minne. Josline alimvalisha gauni la njano, akamfungia viazi kwenye mfuko, akawapungia mkono. Jumapili jioni vita vikaanza mjini.

Siku zilizofuata Josline hakuzielewa wakati ule, na hata sasa akizihesabu hazitoshi au zinazidi. Simu hazikupatikana. Malori yalikuja kutoka Juba yamejaa watu na magodoro, na katika kila lori aliangalia gauni la njano. Alhamisi tarehe 19, saa nane mchana, lori la soda lilisimama. Senga alishuka akiwa amembeba mtoto aliyefungwa ndani ya shuka lenye mawingu ya kijani na nyekundu. Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo. Josline alimpapasa kichwa, tumbo, miguu.

"Ameona nini, Senga?"

"Hapana. Hakuona kitu."

"Hata kidogo?"

"Hakuona kitu, Josline."

Kuanzia usiku wa siku ile Penina, ambaye alikuwa mkavu tangu miaka miwili, akawa analowesha kitanda. Mchana alicheza. Alikula. Ila ukimwita yuko ndani ya nyumba, hatoki mpaka umfuate mlangoni umshike mkono. Josline alidhani ni baridi. Kisha alidhani ni minyoo. Alimpa dawa ya minyoo, akamwombea, akamsihi, siku moja akamchapa, halafu akakaa chini akalia kuliko mtoto. Alijiuliza pia jambo ambalo hakumwambia mtu: kwa nini alimtoa mtoto wake akampa mtu mwingine siku ile? Na huyo mtu mwingine alikuwa analala chumba cha pili, maana hoteli ilifungwa na Senga hakurudi tena Juba. Asubuhi walisalimiana vizuri. Lakini kuna siku Josline alimpa chai bila kumtazama.

Mwezi wa kwanza watu waliokimbia walizidi kuja, wengine kutoka vijiji vya mbali ambako nyumba zao zilichomwa, na wakajenga vibanda vya turubai nyuma ya kituo cha malori. Nyibol alikuja wakati huo na Marial, miaka kumi na moja. Senga ndiye aliyeona kwanza kwamba shida haikuwa ya Penina peke yake. Aliona kwa jicho la kazi yake. Alimwambia Josline, "Angalia. Nyumba hii inafua blanketi kila siku. Ile inaficha mkeka nyuma ya choo. Pale mtoto analala chini, godoro iko juu ya paa." Walihesabu watoto kumi na saba. Mmoja alikuwa hasemi. Mmoja alikuwa anajificha lori likipiga honi. Wengine walionekana wazima kabisa mpaka ufike kwenye matandiko yao.

Kliniki ya gari ilipopita, akina mama walipanga foleni. Muuguzi alipima mikojo, akasema hakuna ugonjwa. "Ni mawazo," akasema, "watoto wana mawazo." Akawapa sabuni na kuondoka, na gari halikurudi. Akina mama walirudi wakitazamana. Nyibol akauliza, "Mawazo ya mtoto wa miaka minne ni gani? Ameacha shamba wapi?" Kila mmoja alikuwa na swali hilo hilo.

Hapo marehemu alifanya kosa, na mwenyewe aliagiza lisifichwe. Alisema dawa ni maji. Mtoto asinywe tone baada ya saa kumi. Kwa kuwa alikuwa mkubwa wao na ametembea, walimtii, naye akawa anapita jioni kuhakikisha mitungi imefunikwa. Ilikuwa Februari, na wanaoijua Februari ya hapa hawahitaji kuelezwa. Siku ya tisa Marial alikutwa amepiga magoti kwenye beseni la Douglas, lile la kuzamisha tairi ili kuona pancha iko wapi, anakunywa. Maji yale yana mafuta, mchanga wa barabara na mate ya kila dereva. Mtoto alitapika na kuharisha siku tatu, akakonda, akabaki macho tu.

Senga alikaa naye siku zote tatu akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Alipopata nafuu, alikwenda kisimani saa ambayo akina mama wote wapo, akasimama mbele ya mitungi.

"Mimi nilikosea," akasema. "Mimi hapana daktari. Mimi ni mtu ya kufua. Nilitaka shuka ikauke, nikasahau mtoto. Nisameheni. Kutoka leo mtoto akitaka maji apewe, hata saa sita ya usiku. Shuka nitafua mimi."

Nyibol hakumsamehe pale pale. Alimwambia, "Malesh yako, samahani yako, nimesikia. Ngoja kwanza mtoto asimame." Mtoto aliposimama, Nyibol alimpelekea Senga shuka lake la kwanza, na hapo ndipo pia maneno ya kujur yalipoanzia, maana watu walimwona mama mmoja amebeba vitu vibichi kabla ya jua.

Ili kuyamaliza maneno hayo Senga akaanzisha Jumamosi. Kila mtu anayelala Nesitu sasa anaijua. Alifunga kamba kutoka rafu ya matairi ya Douglas hadi nguzo ya kanisa, akasema Jumamosi kila nyumba ilete matandiko yote, yaliyolowa na yasiyolowa, ya watoto na ya wazee. Douglas alikataa. Alisema shuka lake ni safi na yeye si mtoto. Senga akaingia chumbani akalitoa mwenyewe, akalitupa kwenye pipa. Saa nne asubuhi kulikuwa na mashuka na mablanketi arobaini yakipigwa na upepo barabarani, na dereva aliyepita hangeweza kujua ni lipi la nani. Mchungaji akaleta lake. Marial alilitafuta la kwake kwenye kamba, akalikosa, akafurahi.

Kukamua blanketi kunataka watu wawili. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnazungusha kinyume. Senga hakuwahi kukamua na mtu mzima. Alimwita mtoto mmoja mmoja, akampa ncha ya pili, na wakizungusha alikuwa anaongea mambo ya kawaida tu, habari za madoa, za Yafesi, za bendera iliyotoa rangi. Hakumuuliza mtoto kitu. Lakini watoto walianza kusema wenyewe, macho yakiwa kwenye blanketi. Marial alisema mambo ya kaka yake ambayo hata mama yake hakuwa ameyasikia. Yule asiyesema alisema neno moja, "Vuta." Kwa nini huko na si kwingine, Josline hajui. Alimuuliza Senga, naye akasema, "Na mimi sijui. Labda ni kwa sababu iko mbali kidogo na iko karibu kidogo."

Hadi mwaka 2014 unaisha, watoto kumi na mmoja kati ya kumi na saba walikuwa wanaamka wakavu. Wengine watatu walihama, habari zao hazijulikani. Penina hakukauka. Kila Jumamosi alikamua na Senga, alivuta kwa nguvu zake zote, na hakusema chochote.

Douglas ni baba mzuri na ameomba nalo hili lisomwe. Alichoka. Mwezi wa tatu mwaka huu alimwambia mkewe, "Ana miaka sita. Ataanza shule. Watoto watamla. Mwezi wa tano tumpeleke Kayunga kwa mama, atarudi amekauka." Josline alisema mtoto ni wake, haendi. Douglas akasema mtoto ni wa wote wawili, anaenda. Senga alikuwa pale, anakunja mashuka. Hakusema neno, jambo ambalo halikuwa tabia yake, na Josline alimkasirikia kwa kunyamaza kule.

Tarehe 25 Aprili 2015, Jumamosi, marehemu alikuwa akikamua blanketi na Penina. Blanketi lililegea upande mmoja. Senga alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika, na mdomo ukaenda upande. Watu walipofika, walimkuta Penina bado ameshika ncha yake juu kwa mikono miwili ili lisiguse vumbi. Ilibidi baba yake avifungue vile vidole. Marehemu alipelekwa hospitali Juba, ambako madaktari walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani, na upande wa kulia umelala. Alikaa siku nane, akaomba arudi Nesitu. Mwanawe Jonah alitaka kumpeleka Uganda. Marehemu alikataa kwa kutikisa kichwa, akaelekeza kidole cha kushoto kwenye kamba. Alifariki Jumanne tarehe 12 Mei 2015, saa kumi na mbili asubuhi, Josline akiwa amemshika mkono.

Ameacha mwanawe Jonah. Ameacha mdogo wake, mzee Erifazi, ambaye jana Douglas alipomtajia habari ya kurudi na Penina Kayunga alijibu, "Huyo mtoto msinipe. Mimi najua kule tunawafanyaje." Kwa hiyo Penina haendi, na begi lake limefunguliwa. Ameacha Douglas na mkewe Josline, na wajukuu Penina na mdogo wake mchanga Levi. Ameacha watoto wa Nesitu, na mapipa mawili, na kamba. Nyibol amesema kamba ataishika yeye, mtu asimuulize mara mbili. Bwana amkaushie machozi aliyomficha kila mtu, na ampe mahali pakavu pa kulala.

Limebaki ombi moja, ambalo marehemu alimpa Josline Jumapili iliyopita, alasiri, watu wa kanisa wakiwa wamekaa nje kumsubiri. Penina hayupo hapa saa hii. Amebaki nyumbani na Levi na wasichana wa kwaya. Alipoulizwa kama habari za shuka lake ziandikwe, alisema, "Andika na shuka ya Baba." Lakini hili la mwisho hajalisikia, na wote mnaombwa msimwambie kabla ya kesho.

Siku ile Josline alikuwa akimbadilishia mgonjwa shuka, maana tangu augue alikuwa akijilowesha. Alilikunja dogo, akaliweka chini ya kwapa atoke nalo mlango wa nyuma.

"Unapeleka wapi?" Senga akauliza. Maneno yalitoka polepole, yakiburuza mguu.

"Nyuma ya nyumba, Senga. Kuna wageni."

"Kaa."

Josline alikaa ukingoni mwa kitanda, na shuka mapajani.

"Mimi nilikuambia hakuona kitu," Senga akasema. "Ni kweli. Nilimfunika. Chumba ya kufulia, chini ya yale mashuka ya bendera. Watu ya bunduki walikuwa wanapita, wanarudi, wanapita. Akaniambia, Senga, mkojo. Nikamwambia, kojoa hapo hapo. Usitoke. Usitoke mpaka Senga akuambie. Siku tatu, Josline. Kila akiita, nasema hapo hapo. Mtoto mzuri. Hakutoka."

Josline aliona gauni la njano, jinsi lilivyorudi limekauka na kukakamaa, na yeye akadhani ni soda ya kwenye lori.

"Ukamwambia lini atoke?"

Senga alishika ncha ya shuka kwa mkono wa kushoto.

"Lori ilikuja, nikambeba na shuka yake. Sikumwambia. Halafu nikaona shida imekuja, nikajua. Nikaogopa. Nikasema nitafua mpaka iishe."

Josline hakujua ahisi nini, na mpaka leo anapoandika haya hajui. Alitaka kusimama aondoke. Alitaka kumshukuru. Alikumbuka kwamba Marial hakuwahi kuwa chini ya mashuka yoyote na bado alilowesha, kwa hiyo pengine hata hii siyo yenyewe, na hakuna muuguzi wa kumuuliza. Alilikunjua shuka, akalikunja tena.

"Mwambie wewe mwenyewe, Senga. Nitamwita sasa hivi."

"Hapana. Mdomo hii imepinda. Ataona ni mtu mwingine amesema." Akamshika Josline kwa mkono wake mzima, vidole vya sabuni vile, vigumu. "Hii shuka usifiche. Anika Jumamosi, kamba moja na ya Penina. Yeye ashike upande moja ya kukamua, wewe shika yangu. Zungusha kidogo kwanza, usiharakishe. Halafu mwambie, Senga amesema wale watu wamepita. Mwambie sasa toka."